Marashi Yangu na Kamba ya Shemeji

Nilikuwa nimelala ukingoni mwa lambo, tope puani, macho hayafunguki, midomo imevimba mpaka meno siyasikii. Nyuki wachache walikuwa bado wamenaswa kwenye nywele zangu wanavuma. Nilidhani nakufa, na nilishakubali. Ndipo nikasikia miguu ya watu kwenye majani, na sauti ya shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, juu ya kichwa changu. Hakusema pole. Hakuuliza kama napumua. Alivuta hewa puani kama mtu anayekagua mboga iliyolala, akasema:

"Mnasikia hiyo harufu? Ni marashi yake. Huyu ndiye amewaita nyuki."

Watu wakanusa. Jamani, wakanusa! Mimi nimelala pale kama gunia la mihogo, na watu wazima wenye familia zao wameinama wananinusa. Mmoja aliuinua mkono wangu wa kulia akausogeza puani. Nikasikia jirani yangu, mwanamke ninayechota naye maji kila siku ya Mungu, anasema kwa sauti ndogo, "Kweli, ananukia."

Lambo lile ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa humo na kukojoa humo. Nilikuwa nimezama humo mpaka shingoni, nimetoka na tope lote, na bado nilikuwa nanukia maua. Kwa hilo tu naisifu pafyumu ile. Kwa mengine yote nina hasira, na nitaisema yote, na nitasema ni nani wa kulaumiwa.

Nirudi nyuma, maana watu wa mkutano ulionihukumu baadaye walianza habari katikati ndiyo maana wakaipotosha.

Mimi si mzaliwa wa huku Natta. Nimezaliwa milimani Tarime, kwenye kahawa, karibu na mpaka, ambako redio ukiizungusha kidogo tu inaongea Kenya. Kwetu mvua za kwanza zikishapiga, zinapita siku chache, halafu asubuhi moja unatoka nje unakuta kahawa yote imetoa maua kwa pamoja. Shamba zima jeupe. Harufu yake haikuvamii. Inakuja polepole, inakukalia mabegani kama mtu anayekupenda. Mama yangu alikuwa mkali mwaka mzima, fimbo haikauki mkononi, lakini siku za maua alikuwa hapigi mtu. Alikuwa anasimama tu mlangoni na kikombe chake cha uji, anaangalia. Nilikuwa mtoto, nikaamini ni maua yanayomtuliza. Shule niliishia darasa la nne na sijapata cha kunibadilisha mawazo.

Nikaolewa huku chini, tambarare, kwenye mtama na ng'ombe na tembo. Tembo wa huku hawajui mpaka wa hifadhi. Mtama ukikomaa wanakuja, na sisi tulikuwa tunakesha shambani tunagonga madebe. Mume wangu aliuawa na tembo alfajiri moja, kumeshaanza kupambazuka, tukidhani wameondoka. Alitangulia kwenda kuokota blanketi letu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaangukia kwenye mfereji, tembo akanipita. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nitaeleza harufu tu, kwa sababu habari hii ni ya harufu. Tembo akikupita karibu namna ile anaacha harufu nzito, ya majani yaliyochacha na vumbi na mkojo. Ile harufu iliingia puani mwangu ikakataa kutoka. Tulizika, matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, harufu ikabaki na mimi. Nikisonga ugali, ipo. Nikiimba kanisani, ipo. Nesi wa zahanati aliniambia, "Mama, hayo ni mawazo tu." Nikamwambia, "Nesi, mawazo hayanuki." Akacheka, akanipa vidonge vya kichwa. Kichwa kilikuwa hakiniumi.

Niliishi hivyo miaka. Nilikuwa mtu wa kufoka. Sufuria ikianguka nalia. Mbuzi akikohoa nyuma ya nyumba naruka. Watu wakasema mjane yule amekuwa mchungu. Kweli nilikuwa mchungu, lakini hakuna aliyekuja kuuliza nanusa nini.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anafua mashuka kwenye kambi moja ya watalii. Akipata likizo anakuja nyumbani na sabuni vipande vipande na hadithi za wageni. Siku moja amekuja, hata chai hajanywa, ananiambia:

"Mama, lete mkono."

"Una nini wewe?"

"Lete tu. Huo wa kulia."

Akatoa kichupa kidogo cha kioo, akapuliza kwenye kifundo cha mkono, pale mishipa inapopita. Baridi. Nikataka kusugua, akanishika.

"Usisugue! Ukisugua unaiua. Iache ikauke yenyewe."

"Umeitoa wapi? Nisije nikaitwa polisi."

"Mama bwana! Kuna mgeni mmoja bibi, alikuwa anaondoka, begi halifungi. Akanipa. Wenzangu wananiambia jipake wewe, mimi nikaona hapana, hii ni ya mama."

Nikausogeza mkono puani. Nikakaa chini kwenye kigoda bila kupanga kukaa. Sijui wazungu wanaiita maua gani, kichupa kimeandikwa maneno ambayo hata binti yangu hayajui. Kwangu mimi ilikuwa ni kahawa ya Tarime baada ya mvua. Si kali. Haipigi kelele. Ilikuja, ikakaa mabegani. Na tembo akatoka puani. Nasema kweli, nilivuta hewa mara ya kwanza na ya pili na ya tatu nikimtafuta, sikumpata. Binti yangu akaogopa akadhani dawa imeniingia machoni.

"Mama, inawasha?"

"Hapana," nikamwambia. "Nyamaza kidogo."

Toka siku hiyo nikawa najipaka. Kidogo sana, maana kichupa ni kidogo na binti haji kila mwezi. Mkono wa kulia na chini ya sikio. Nilikuwa nimekosea mwanzoni, nikajipaka kabla ya kukamua. Ng'ombe wangu mwenye baka jeupe, ambaye ananijua tangu ndama, akageuza shingo akaninusa mkono, akaninusa tena, akabana maziwa yote juu. Hata tone! Nikambembeleza, nikamwimbia, akanitazama kama mgeni wa serikali. Ikabidi nikajipake samadi mikononi ndiyo akanisamehe. Basi nikapanga: kukamua kwanza, kunawa, halafu marashi, halafu nakaa mlangoni na kikombe changu cha uji. Kama mama yangu. Dakika zile za mlangoni zilikuwa zangu. Baada ya hapo hata mbuzi akikohoa, akohoe.

Nilianza kulala. Nikaacha kufoka. Ungedhani watu watafurahi.

Jirani ndiye wa kwanza. Tuko kisimani, ananizunguka kama anatafuta sindano.

"We mama, leo umeposwa?"

"Na nani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Pua ndiyo inaniambia kuna mahari njiani."

"Nimeposwa na kitanda changu. Tunalala vizuri."

Akacheka mpaka ndoo ikamwagika. Yeye nilikuwa sina neno naye, ulikuwa utani, na siku moja nilimpulizia kidogo shingoni akaenda kwake anatembea kama bibi harusi. Mumewe akamuuliza unatoka wapi. Tulicheka wiki nzima.

Shemeji hakucheka. Kwetu mjane anabaki kuwa mke wa ukoo, na shemeji yangu tangu matanga alikuwa amejiweka kwenye nafasi ya kuniangalia, ingawa mimi sikumwomba na yeye tayari ana wake wawili. Alikuja akasimama uani, hakukaribia kiti.

"Shikamoo haipo siku hizi?" nikamuuliza, maana mimi ni mkubwa kwake kwa nyumba.

"Shikamoo. Shemeji, hiyo harufu ni ya nini?"

"Ni ya maua."

"Najua ni ya maua. Nauliza ni ya nini. Unamnukilia nani?"

"Najinukilia mwenyewe."

"Mwanamke hajinukilii mwenyewe," akasema, kama mtu anayesoma sheria ukutani. Akaondoka. Kuanzia siku ile nikajua marashi yangu yamepata adui. Nilikuwa sijui tu kwamba adui atawatumia nyuki.

Sasa niseme habari ya mizinga. Watu wa mradi walikuja kijijini wakatufundisha kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki. Unasimika nguzo, unaning'iniza mizinga, mzinga na mzinga unaunganisha kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anakimbia. Mnyama mkubwa vile, anayeng'oa mti, anamwogopa mdudu. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoa jina. Wanaume walikuwa wanabishana, mimi nikasema nguzo za upande wangu nitachimbia mwenyewe, na nikachimbia. Tangu mizinga ile ikae, sijagonga debe tena. Mtama wangu nimevuna mwenyewe, si tembo.

Tulianzisha kikundi, na shemeji akachaguliwa mwenyekiti. Alichaguliwa kwa sababu ana maksai wa kulimia, na karibu kila nyumba ya upande wetu inalimiwa na maksai wake. Mtu anayekulimia humnyimi kura. Mwalimu wa mradi alituachia masharti, na sote tulikuwepo tumekaa chini tunasikiliza. La kwanza: mifugo isisogee kwenye mstari wa mizinga, asilani. La pili: siku ya kwenda kukagua mizinga, mtu asijipake chochote chenye harufu, hata sabuni ya kunukia.

La pili nililishika kuliko mtu yeyote. Siku ya mizinga nilikuwa sijipaki kitu. Naamka, nakaa kwenye moshi wa jikoni mpaka kitenge kinanuka kama nyama ya kukausha, ndipo naenda. Nyuki walikuwa wananijua kwa moshi. Sikuwahi kuumwa zaidi ya mara moja moja ya bahati mbaya.

La kwanza mwenyekiti mwenyewe ndiye alikuwa wa kulivunja. Kwa sababu mifugo hairuhusiwi pale, majani ya chini ya mizinga yalikuwa yamesimama mazito, ya kijani, wakati kwingine kote kumeliwa mpaka udongo. Mfugaji wa kwetu akiona majani kama yale hayana ng'ombe, ni kama kuona nyama imeachwa mezani. Nilishamkuta mara moja anawasogezasogeza ng'ombe wake pale. Nikamwambia, "Shemeji, mwenyekiti?" Akanijibu, "Wanapita tu."

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kulima. Asubuhi shemeji amelima kwa mtu, mchana akafungua jembe. Maksai wake mmoja, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, akamfunga kwenye nguzo ya mzinga, upande wa shamba langu, ale majani. Akamfunga kwa kamba yake ya ngozi. Kamba hiyo kijiji chote kinaijua. Huisuka mwenyewe, nyuzi nne, na mwishoni huifunga kifundo na manyoya meupe ya mkia ameyaacha makusudi, ili mtu akiiba ijulikane. Anajivunia kamba zake kuliko watoto wake. Akamfunga, akaenda kwenye pombe ya mtama kwa rafiki yake.

Mimi nilikuwa nimeoga. Mchana ule kina mama tulikuwa tunakwenda kumwona mzazi, mtoto amezaliwa nyumba ya tatu. Siku ya mizinga haikuwa. Nimevaa kitenge kizuri, nimejipaka mkono wa kulia na chini ya sikio, nimetulia. Ng'ombe aliyefungwa, shingo yake ikimwasha, anafanya nini? Anajikuna kwenye nguzo. Kila mtu aliyezaliwa kwenye boma anajua hivyo. Akajikuna.

Nikasikia analia.

Asiye wa kwetu hataelewa kitu hiki. Sisi tumekulia kwenye wizi wa ng'ombe. Ng'ombe akilia mlio ule, si wa njaa, si wa ndama, ule wa kukata roho, mtu haulizi ni ng'ombe wa nani. Unatupa ulichoshika unakwenda. Miguu inakwenda kabla yako. Nilichomoa panga kwenye ukuta wa jiko nikakimbia na kitenge changu kizuri.

Nilimkuta amegeuka mweusi. Yule mwekundu hakuwa na wekundu tena, nyuki wamemfunika uso mzima, anavuta kamba, na kila akivuta anatikisa nguzo, na kila nguzo ikitikisika mizinga inatapika wengine. Ningerudi. Kila mtu mwenye akili angerudi. Nilikamata kamba kwa mkono wa kulia ili isimame, nikapiga panga kwenye nguzo. Ngozi ile ngumu, alisuka vizuri, siwezi kumnyima sifa hiyo. Nikapiga mpaka ikakatika. Ng'ombe akaondoka kama risasi, akanivuta, kamba ikajizungusha mkononi mwangu, ikakatika tena kwenye pembe au ikachomoka, sijui. Nikabaki mimi na nyuki, na kipande cha kamba kimenibana mkono.

Hivyo ndivyo nilivyofika lamboni. Nilizama, nikatoka, nikazama. Mlio wao juu ya maji sitausema.

Sasa rudi pale mwanzo nilipolala ukingoni. Yule aliyeuinua mkono wangu wa kulia kuunusa, aliuinua ukiwa umezungushiwa kamba ya ngozi ya nyuzi nne, yenye manyoya meupe. Ilikuwa imenikata mpaka damu. Wakanusa maua juu ya kamba. Kamba hawakuiona! Watu wanaoweza kutambua ndama wao katikati ya mnada wa ng'ombe mia, siku ile wakawa vipofu, wakabaki na pua tu.

Nesi ndiye aliyeifungua, kule zahanati. Alikuwa ananitoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, hataki kusema ni mingapi. Akaiweka kamba kwenye mfuko wa nailoni. "Mama, hii ni yako?" Sikuweza kuongea. Nikatingisha kichwa kusema hapana, halafu nikaona bora niichukue, nikatingisha kusema ndiyo. Akaniambia, "Sasa ipi?" Hata mimi nilicheka, na kucheka kuliuma kuliko miiba.

Dada yangu aliyeolewa Ringwani alinichukua akaniuguza. Nilirudi nyumbani uso umepungua, nikakuta kesi yangu imeshasikilizwa bila mimi. Kilichobaki ilikuwa nikaelezwe hukumu.

Mkutano ulikuwa uwanjani mwa shule. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima, mtu wa busara kwenye mambo yasiyomhusu shemeji, akasimama.

"Mama, kwanza pole. Lakini wataalamu walisema wazi kwamba nyuki na marashi haviendani. Kikundi kimeonelea uchague. Uache marashi, au mizinga ya upande wako iondolewe, kwa usalama wa watu na mifugo."

Nikasimama.

"Nina swali moja. Nyuki walianza na nani?"

Nikajijibu mwenyewe.

"Walianza na ng'ombe. Mimi nilimkuta ameshafunikwa. Sasa ng'ombe naye alikuwa amejipaka?"

Wanaume wa nyuma walilipuka. Mmoja akamwita shemeji kwa kelele, "We kijana, we mura, maksai wako anajipaka nini?" Mwingine akamjibu, "Ndiyo maana analima kwa madaha!" Hata mwenyekiti wa kitongoji akaficha mdomo. Shemeji akasimama, shingo imevimba.

"Ng'ombe alikuwa anapita," akasema.

"Alikuwa anapita amefungwa kwenye nguzo?"

"Nani alimwona amefungwa?"

"Mimi. Nilimkata." Nikatoa kipande cha kamba kwenye mfuko wa nesi, nikakiinua, manyoya meupe yananing'inia. "Kamba hii ni ya nani?"

Kicheko kikaisha. Watu wakaangalia chini, wakaangalia miti. Nilimtazama jirani yangu. Yeye mchana ule alipita njia ya mizinga akitoka kuokota kuni, aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake alipokuja kuniona Ringwani: "Nilimwona yule mwekundu amefungwa pale, nikajisemea, mwenyekiti leo amelewa mapema." Nilimtazama aseme. Akafunga kanga yake upya, ambayo ilikuwa haijafunguka.

Mwenyekiti wa kitongoji akasema, "Mama, kamba ni kamba. Tusilete mambo ya kifamilia kwenye mkutano wa hadhara."

Mkutano ukafungwa kwa sala.

Jirani alinifuata njiani, anahema. "Mama, usinichukie. Mume wangu hajalimiwa bado. Mvua ndiyo hii. Nikisema, nani atatulimia?"

"Na mimi nikiondolewa mizinga, nani atanilindia mtama?"

"Si uache tu marashi, mama? Ni maji tu yale."

Maji tu! Nikaongeza mwendo. Nimweleze habari ya tembo aliyekaa puani mwangu miaka? Alikuwepo kwenye matanga. Alijua nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya kile kichupa, na alinijua baada yake, na alicheka na mimi kisimani. Anajua si maji.

Tena si mizinga tu wala marashi tu. Wamenifanyia jambo ambalo wao hawalijui, na ndilo linaloniuma kuliko miiba. Niliporudi nyumbani nilifungua kichupa. Maua yakaja, yaleyale, kahawa ileile, halafu ngozi ya shingo yangu ikaanza kutambaa. Masikio yakasikia mvumo. Nikafunga haraka. Nikakaa siku bila kujipaka, na tembo akarudi. Hakuchelewa hata kidogo, kama alikuwa nyuma ya mlango anasubiri. Basi nikawa katikati: nikijipaka nyuki, nisipojipaka tembo. Na mwanamume aliyefunga ng'ombe wake mahali alipokataza wengine kufunga, analala.

Na ng'ombe je? Yupo! Ndiyo niliyotaka kusema. Yule mwekundu alipona. Macho yalivimba, yakanywea, sasa analima. Nasikia sauti ya shemeji akimhimiza shambani kwa watu, asubuhi, wakati mimi nimekaa mlangoni. Ng'ombe yule anatembea kwa sababu yangu. Juzi alipitishwa njia ya kwangu akasimama, akaninyooshea pua, akaninusa muda mrefu. Shemeji akamchapa aondoke. Ng'ombe ndiye pekee wa nyumba ile aliyesimama kuniangalia.

Mtama sasa unatoa masuke. Wamesema nijibu kabla haujakomaa, marashi au mizinga. Nimefikiri sana, na nimeona kwamba swali lenyewe si langu. Mimi nimeulizwa mahali pa mtu mwingine.

Leo asubuhi nimekamua, nimenawa, nimekaa mlangoni nikajipaka. Mkono wa kulia, juu ya kovu la kamba, na chini ya sikio. Ngozi ikatambaa. Mvumo ukaja. Nikakataa kuinuka. Nikashika kikombe kwa mikono miwili uji ukimwagikia magotini, nikangoja ikauke kama binti alivyonifundisha, bila kusugua. Ilichukua muda. Mwishoni maua yalikuja kidogo, kwa mbali, kama shamba la mtu mwingine ng'ambo ya bonde. Kidogo hicho sitakiacha.

Kwa hiyo nasema kwako shemeji, na kwako mwenyekiti wa kitongoji uliyesema kamba ni kamba. Mkutano ujao nitakuja nimejipaka. Nitakaa mbele, si nyuma na kina mama. Kipande cha kamba nitakishika kwa mkono uleule wa kulia. Mtakaotaka kuninusa, karibuni, inameni kama mlivyoinama lamboni, lakini safari hii na macho muyafungue. Halafu mwenyekiti wa mizinga asimame mbele ya walewale walionusa, asiniambie habari ya kupita, asiniambie habari ya wataalamu, ajibu kitu kimoja tu: ni nani alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya mzinga?

Na asipojibu yeye, jirani yangu, jibu wewe. Ulimwona.